Sidiria inapanda mgongoni na mikanda inanikata mabega: naombeni mnielekeze kujipima

Mwalimu_Nyegezi

Habari za jioni wapendwa. Naomba wanawake wenzangu mnisaidie, na kama kuna fundi humu anayeijua sidiria vizuri nitamshukuru zaidi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mwanza. Muda mwingi wa siku nipo ubaoni, mkono juu, naandika. Kila ninapoinua mkono sidiria nayo inapanda. Nyuma mkanda unafika karibu na mabega, mbele waya unahama unakuja kukaa juu ya ziwa lenyewe. Inabidi nitoke darasani nikaishushe ofisini. Mikanda ya begani nimeikaza mpaka mwisho, na jioni nikivua naona alama nyekundu. Bega la kulia limeshafanya bonde. Kwapani nyama inamwagika nje na ncha ya waya inachoma hapo hapo.

Ninavaa 38B. Sikujipangia. Niliingia duka moja la mjini, muuzaji akanipima juu ya blauzi, chini ya matiti akapata inchi 33. Akaongeza 5, akasema mimi ni 38. Akapima kifua, 40. Akatoa 38, ikabaki 2, akasema B. Nilipomuuliza hiyo 5 inatoka wapi akanijibu kwamba ndivyo hesabu yake inavyopigwa. Nafundisha hisabati na jibu hilo limenikaa kooni mpaka leo, maana namba haiongezwi hivi hivi.

Nina watoto wawili, wa mwisho ameacha kunyonya kitambo na mwili umetulia. Sidiria nzuri ni pesa, sitaki kuendelea kununua kwa kubahatisha. Nipime wapi, nipimeje, na hiyo 5 ni ya nini?


Mama_Kihonda

Pole mwalimu. Ikibana mabega na nyama ikitoka kwapani ujue imekuwa ndogo. Chukua 40 utapumua.


Fundi_Ngamiani

Mwalimu, hujambo mwanangu. Na wewe mama wa Kihonda, salaam nyingi, ila hapo kwenye 40 naomba nikupinge. Akichukua 40 itapanda kuliko hiyo 38.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, Ngamiani. Magauni nashona, lakini kazi inayonijazia kibaraza miaka hii ni sidiria: kupunguza mkanda, kubadili lastiki iliyolegea, kuziba pale waya ulipotoboa. Wanawake wanakuja wameshika mabega. Nikiwageuza nitazame mgongo, mara nyingi shida naiona huko.

Mzigo wa matiti unabebwa na mkanda wa mbavuni, ule unaozunguka mwili chini ya matiti. Mikanda ya begani kazi yake ni kukiweka kikombe kikae sawa kifuani, basi. Mkanda wa mbavuni ukiwa mpana kuliko mwili hauna cha kushika, uzito wa mbele unashuka na nyuma inanyanyuka, kama mizani ya sokoni. Mwenye nao anakaza begani ili isidondoke, na kadiri anavyokaza ndivyo anavyoivuta nyuma ipande zaidi. Ukiona mgongoni umejikunja upinde, mkanda ni mkubwa. Ukiona kwapani na juu kunamwagika, kikombe ni kidogo. Wewe una yote mawili kwa pamoja, na hiyo ndiyo hali ninayokutana nayo kuliko zote: mkanda mkubwa, kikombe kidogo. Mtu akiona kifua hakijaenea anaongezewa namba, kumbe alitakiwa aongezewe herufi.

Sasa hiyo 5. Muuzaji wako hakuitunga. Ni kanuni ya zamani: kipimo cha chini kikiwa shufwa unaongeza 4, kikiwa witiri unaongeza 5, ili upate namba ya mkanda, kwa sababu namba za mikanda zinakwenda kwa shufwa, 32, 34, 36. Ilikuwa na maana pale sidiria zilipokuwa za kitambaa kisichovutika. Mtu anahitaji nafasi ya kupumua na kuinama, na kitambaa kigumu hakimpi. Uzi wa spandeksi ulibuniwa Marekani mwaka 1958, ukaingia kwenye nguo za ndani, na leo karibu kila mkanda unavutika wenyewe inchi kadhaa. Kitambaa kinachovutika ukikiongezea tena inchi 5 unapata mkanda unaoning'inia. Kanuni imebaki kwenye makaratasi ya viwanda na midomoni mwa wauzaji.

Jipime hivi. Jifungie chumbani mbele ya kioo, vua juu, jifunge kanga kiunoni. Usipimwe juu ya nguo wala ukiwa na sidiria ya sponji, maana hapo utakuwa unapima sponji. Tumia tepu ya fundi, na kabla hujaitumia iweke juu ya rula ya mwanafunzi uhakikishe inchi zake ni za kweli; tepu za plastiki zilizokaa sana zinarefuka. Kama huna tepu, chukua utepe usiovutika, uzungushe, uweke alama, uupime kwa rula.

Kwanza chini ya matiti, pale mkanda unapokaa. Tepu izunguke sawasawa, nyuma isishuke wala isipande. Tazama kiooni ubavuni au mwite mtu unayemwamini akushikie. Toa pumzi yote, kaza mpaka tepu isiteleze ukijitikisa. Hiyo andika kama ilivyo, usiongeze wala usipunguze.

Pili kifua chenyewe, kwenye chuchu, mara tatu, na hapa tepu iguse ngozi tu bila kuminya. Pima umesimama. Kisha rukuu kabisa, mgongo ulale sawa, matiti yaning'inie, upime. Kisha lala chali upime. Aliyenyonyesha maziwa yake mara nyingi yamelainika na akisimama yanalala. Tepu inapita juu yake haioni yaliyoko chini. Akirukuu yanajitokeza yote. Akilala yanakwenda kwapani. Jumlisha hizo tatu ugawanye kwa tatu.

Halafu nina ombi moja ambalo wauzaji hawalifanyi. Ichukue hiyo 38B uilaze mezani, upime mkanda wake kutoka kwenye vishikizo mpaka upande wa pili, kwanza ikiwa imelala, halafu uivute mpaka ianze kukataa. Niandikie namba zote mbili. Ukiwa na sidiria nyingine fanya vivyo hivyo.


Mwalimu_Nyegezi

Shikamoo mama. Hii ndiyo lugha ninayoielewa. Nimefanya kila kitu leo baada ya watoto kulala.

Chini ya matiti: 33, sawa na sentimita 84. Kusimama: 39. Kurukuu: 41 na nusu. Kulala: 39 na nusu. Jumla 120, wastani 40.

38B ya kila siku: ikilala 31, ikivutwa 39.

Nikatoa na nyingine ya sokoni ambayo siivai kwa sababu inanibana mbavu. Nayo imeandikwa 38. Ikilala 27, ikivutwa 32 na nusu! Namba ile ile kwenye lebo, na zimepishana inchi 6 na nusu. Nimerudia kupima nikidhani nimekosea.


Fundi_Ngamiani

Marahaba mwanangu. Hukukosea. Hilo ndilo ninalolipigia kelele hapa kibarazani kila siku, kwamba tepu ipite mwilini na ipite kwenye sidiria pia. Lebo inakuonyesha rafu ya kuanzia, lakini kinachokushika mbavu ni lastiki.

Tazama hizo zako. Ya kwanza ikilala tu ni 31, mwili wako ni 33, yaani imevutika inchi mbili tu. Haijashika kitu, lazima ipande. Ya pili mwisho wake ni 32 na nusu na wewe ni 33, kwa hiyo umeivuta hadi ukomo na ndiyo maana unakosa pumzi. Unachotafuta ni mkanda ambao ukilala uko kama 27 hivi, na ukivutwa unapita 33 kidogo, hadi kama 34 na nusu.

Lebo zinapishana kwa sababu kuna hesabu mbili duniani na viwanda vinazichanganya. Wazungu wa Ulaya bara wanaandika sentimita za chini ya matiti moja kwa moja: 70, 75, 80, 85. Kwa hesabu hiyo mwenye sentimita 84 anaangukia 85. Waingereza na Wamarekani wanaandika inchi, 32, 34, 36, 38. Sasa soma lebo ya sidiria za China tunazouziwa Kariakoo na kwetu huku: 34/75, 36/80, 38/85. Sentimita 75 ni inchi 29 na nusu. Imekuwaje 34? Ni ile 4 ya zamani imeongezwa. Kiwanda kinachofuata hesabu hiyo kwa dhati kitakushonea 38 inayombana mwenye mbavu 33, kama hiyo ya sokoni. Kiwanda kingine kitashona 38 inayovutika hadi 39, kama ya kwanza. Wote wameandika 38. Mteja anakwenda nyumbani akidhani mwili wake ndio una kasoro, na hilo linaniuma kuliko jambo lolote katika kazi hii.

Herufi nayo. Herufi peke yake haina maana mpaka uijue namba yake. Ni tofauti kati ya kifua na mkanda. Kwa Kiingereza kila inchi ni herufi moja: inchi 1 A, 2 B, 3 C, 4 D, 5 DD, 6 E, 7 F. Kifua chako 40, mkanda wako 34, tofauti 6. Anza na 34E.

Usishtuke na hiyo E. Watu wanaposikia D wanawaza mwanamke mwenye kifua kikubwa mno. D ya 32 na D ya 40 ni vikombe viwili tofauti kabisa. Kikombe cha 34D kina ujazo ule ule wa 36C na wa 38B. Yaani ukipanda namba moja ya mkanda, unashuka herufi moja, na kikombe kinabaki kile kile. Kwa hiyo hiyo 38B yako kikombe chake ni cha 34D, na wewe unahitaji hatua mbili mbele yake, DD halafu E. Nyama ya kwapani imekosa nyumba tu.

Najua 34E si rahisi kuikuta Mwanza. Wauzaji wengi wanaleta B na C kwa wingi, D kidogo. Ndugu yake wa jirani ni 36DD. Ukiipata, ipime mkanda pale pale dukani, na kama lastiki yake ni kali huenda ikawa sawa bila kuguswa. Kama ni pana kidogo, fundi akupunguzie nyuma, kila upande kiasi sawa, karibu na vishikizo. Asikate karibu na kikombe. Na asizidishe: kupunguza jumla ya inchi moja na nusu, haina tabu, lakini akipunguza sana mikanda ya begani inasogeleana mgongoni na vikombe vinavutwa kwenda kwapani.

Ukiijaribu, anza na kishikizo cha mwisho, kile kilicholegea kuliko vyote. Sidiria mpya iliyokutosha kwenye kishikizo cha ndani kabisa haitakutosha baada ya miezi michache, maana lastiki ikilegea huna pa kukazia. Inama, vaa, halafu ingiza mkono kila upande uvute nyama kutoka kwapani iingie kikombeni. Wengi hawafanyi hivi, wanavaa wamesimama wima na nusu ya ziwa inabaki chini ya waya. Ukisimama, kile kipande cha katikati kilale kwenye mfupa wa kifua. Waya uzunguke ziwa lote na ncha yake iishie kwenye mbavu, nyuma ya ziwa. Vidole viwili vipite chini ya mkanda wa bega. Mwisho teremsha mikanda yote miwili begani utembee: sidiria ikibaki ilipo na matiti yakabaki yalipo, umepata. Ikiporomoka, mkanda bado ni mkubwa.

Kwako wewe mwalimu kuna jaribio la ziada. Inua mkono kama unaandika juu kabisa ya ubao, rudia rudia. Kama muuzaji ana haraka, mwache na haraka yake.


Kijana_wa_Makorora

Mnahangaika na waya wa nini? Waya unaleta saratani ya matiti, hilo linajulikana. Waambieni dada zetu wavue.


Nesi_Zamu_ya_Usiku

Kaka, naomba hili tusiliache lipite, kwa sababu watu wanaogopa vitu visivyo na hatari na kuacha kuangalia vyenye hatari.

Watafiti wa kituo cha saratani cha Fred Hutchinson huko Seattle, Marekani, walilichunguza jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2014. Waliwahoji wanawake wa miaka 55 hadi 74, zaidi ya 1,000 wenye saratani ya matiti na zaidi ya 400 wasio nayo, wakauliza walianza lini kuvaa sidiria, wanavaa saa ngapi kwa siku, yenye waya au isiyo na waya, saizi gani. Hawakukuta uhusiano wowote na saratani.

Sidiria isiyokutosha ina madhara yake mengine, na hayo ninayaona kliniki. Maumivu ya shingo na mabega. Kwa sisi wa maeneo ya joto, vipele na wekundu chini ya matiti, jasho linakaa pale linaota fangasi. Pakaushe vizuri, na vikisambaa uje tukupe dawa. Kwa anayenyonyesha, sidiria inayominya inaweza kuziba mirija ya maziwa, ziwa likavimba na kupata homa. Ndiyo maana wiki za mwanzo tunashauri laini isiyo na waya. Na usinunue nyingi ukiwa mjamzito, subiri maziwa yatulie baada ya kujifungua ndipo upime upya.

Na mwalimu, siku ya kujipima mbele ya kioo ni siku nzuri ya kujitazama pia. Ukiona uvimbe, ngozi iliyovutika ndani, chuchu iliyogeuka ghafla au inayotoa damu, njoo kituo cha afya bila kuchelewa.


Wanjiru_Southlands

Niko Nairobi. Fundi ameeleza vizuri, naongeza jambo kwa wanaonunua mtandaoni. Angalieni nguo imetoka nchi gani kabla hamjasoma herufi. Mpaka DD Mwingereza na Mmarekani wanakubaliana. Baada ya hapo Mwingereza anaandika E, Mmarekani anaandika DDD, na wengine wao wanaandika F kwa kikombe hicho hicho. Ulaya bara hawarudii herufi, kwa hiyo DD ya Mwingereza kwao ni E. Mfaransa naye ana namba zake: 75 ya Mjerumani yeye anaiita 90. Kuna dada alinunua 90 ya Kifaransa akidhani ni mkanda wa mtu mnene, ikamkaa kama bandeji.

Na za mtumba mnazionaje? Mara nyingine napata zenye vikombe vikubwa huko kuliko dukani.


Fundi_Ngamiani

Asante sana dada wa Nairobi, hiyo ya Mfaransa itawaokoa wengi.

Mtumba sikushauri. Huku kwetu TBS, shirika la viwango la Tanzania, wamekataza kuingiza nguo za ndani zilizovaliwa, sidiria zikiwemo, kwa ajili ya afya za watu, ingawa ukipita sokoni unaziona zimetandazwa. Mimi kama fundi naongeza sababu ya pili: lastiki imeshafanya kazi kwa mtu mwingine. Waya na kikombe huenda vikawa vizima, lakini ukivuta mkanda hauna nguvu ya kurudi. Jaribu kwa vidole: vuta, achia. Ukirudi polepole umekwisha.

Na hata mpya unaweza kuimaliza mwenyewe. Jiki inakula spandeksi. Jua la saa saba linaikausha. Kuikamua kwa kuinyonga kunapinda waya. Ifue kwa mkono na sabuni ya kawaida, maji ya baridi, iminye kwenye taulo, ianike kivulini kwa kuikalisha katikati kwenye kamba, si kwa mikanda ya begani. Usiivae siku mbili mfululizo, lastiki inahitaji kupumzika ijirudi. Mwenye tatu anazozipokezana anakaa nazo kuliko mwenye moja anayoifua kila usiku.


Baba_Wawili

Samahani dada zangu kwa kuingilia. Nataka kumnunulia mke wangu sidiria za Idi na sitaki ajue. Ninaiba tu lebo ya ile anayovaa?


Fundi_Ngamiani

Hongera baba, ni zawadi njema. Lebo usiiamini peke yake, umeona ya mwalimu hapo juu. Tazama ni ipi anayopenda kuivaa siku ya kwenda mbali, siyo ile iliyo mpya kabatini. Pima mkanda ukiwa umelala na ukivutwa, pima waya kutoka ncha hadi ncha, pima na kikombe kutoka chini kwenye waya hadi juu kupitia katikati. Piga picha ya lebo pia. Nenda na vipimo hivyo na tepu mfukoni, na kubaliana na muuzaji kwamba zisipotosha mtabadilisha. Nguo ya ndani maduka mengi hayarudishi, kwa hiyo hilo liseme kabla hujalipa.

Lakini kama mke wako analalamika mabega kama mwalimu, usinunue inayofanana na aliyonayo. Mpe hela na tepu, ajipime.


Mwalimu_Nyegezi

Wapendwa, nimerudi na habari njema. 34E sikuipata. Nimekuta moja imeandikwa 80E kubwa na chini kwa maandishi madogo 36DD, sawa na alivyosema dada wa Nairobi. Nikatoa tepu. Ikilala 27 na nusu, ikivutwa 34 na nusu. Muuzaji alinitazama sana, halafu akaniomba nimpimie na za rafu ya chini!

Nimeivaa kwenye kishikizo cha mwisho, nikavuta nyama kama mama alivyoelekeza, kipande cha katikati kimelala kwenye mfupa. Nimeandika ubao mzima wa milinganyo bila kushika mgongo. Mikanda ya begani nimeilegeza mpaka karibu mwisho na haidondoki. Ziwa la kushoto tu naona limeacha nafasi kidogo juu ya kikombe, la kulia limejaa sawasawa.


Fundi_Ngamiani

Alhamdulillahi. Hilo la kushoto lisikutie wasiwasi kama ndivyo ulivyo siku zote. Wanawake wengi hawalingani pande mbili. Sidiria inachaguliwa kwa ziwa kubwa. Upande mdogo fupisha mkanda wa bega kidogo, au utie sponji nyembamba ndani, fundi anaweza kukushonea kifuko chake. Nesi hapo juu atakwambia vivyo hivyo, kwamba la kuangalia ni tofauti iliyoanza ghafla.

Ujipime tena mwili ukibadilika, ukinenepa, ukikonda, ukipata mtoto mwingine. Na usijipime siku za karibu na hedhi, kifua kinajaa.


Mama_Kihonda

Fundi nimekubali, nimejipima na mimi, 40 yangu naiweka pembeni. Sasa nina binti wa miaka 12, ameanza kuota maziwa na anaona haya hata kulitaja. Nianzie wapi?


Fundi_Ngamiani

Mpe tepu mwenyewe, umwonyeshe juu ya nguo yake jinsi ya kuizungusha, halafu mwache aingie chumbani apime peke yake akuletee namba mbili kwenye karatasi. Usimpime mbele ya kaka zake wala shangazi, na usitaje ukubwa wake mbele za watu.

Waya bado. Mtafutie za pamba zinazovutika, mkanda mpana chini, zisizo na sponji, asisikie joto sana. Umri huo mwili unakwenda haraka na mara nyingi upande mmoja unatangulia, mwambie mapema kwamba ni kawaida asije akakaa na hofu. Nunua mbili au tatu za bei ya kati badala ya moja ya ghali, kisha kila muhula unapoanza, siku mnaponunua madaftari, arudie kupima. Kama anacheza netiboli shuleni, moja kati ya hizo iwe ile ya michezo yenye mgongo mpana. Ukimletea hapa Tanga likizo, nitamtengenezea mkanda nikimwachia pindo la kufumua.